Siasa za Mike Baxter sizikubali, lakini kipindi chake sikiachi

Wapo wanaoamini kwamba ukicheka na kipindi basi umeridhia kila kinachosemwa ndani yake. Mimi siafiki. Last Man Standing, kipindi cha vichekesho cha Marekani, kisiasa kiko mbali nami kabisa, na bado ni miongoni mwa vipindi vya familia ninavyovipenda sana.

Kwa asiyekijua: Tim Allen anaigiza Mike Baxter, mkuu wa masoko wa Outdoor Man, duka la vifaa vya uwindaji na uvuvi huko Denver. Nyumbani ana mkewe Vanessa, mabinti watatu na mjukuu wa kiume, Boyd. Mike ni mhafidhina wa kutupwa. Anapenda bunduki, watetezi wa mazingira huwafanyia mzaha, na hataki serikali itie mkono katika mambo ya watu. Karibu katika kila jambo kati ya hayo, mimi niko upande wa pili.

Sehemu nyingi za kipindi huishia kwa Mike kusimama mbele ya kamera akirekodi video ya tovuti ya duka. Anaanza na hema au ndoano za samaki, na punde si punde ameshaingia kwenye siasa. Halafu maneno yanageuka taratibu, na unang'amua kwamba anayezungumziwa ni binti yake, au mkewe ambaye hawakuelewana. Hapo ndipo kinaponishika. Yale ya serikali nayapinga hadi mwisho. Lakini baba ambaye ulimi unakuwa mzito sebuleni, mpaka azunguke kupitia kwenye ndoano ndipo aseme kinachomuuma, huyo namfahamu, na wengi tunamfahamu.

Kinachoniudhi ni jinsi kipindi kinavyomtendea Ryan, baba yake Boyd. Ryan ni Mkanada, mliberali, na anajali kwa dhati namna mwanawe anavyolelewa. Mara nyingi waandishi wanamwinua ili aangushwe tu: anaanza kueleza hoja, Mike anatupa neno moja, watazamaji wanaangua kicheko, mjadala umekwisha. Huo ni uvivu wa kuandika, na ningeulalamikia hata kama anayeonewa angekuwa mhafidhina.

Mtazame sasa Chuck Larabee, jirani yao, Mmarekani Mweusi aliyewahi kuwa Marine, yaani askari wa kikosi kimojawapo cha jeshi la Marekani. Mike akimtupia kauli ya ovyo kuhusu rangi, Chuck anamrudishia iliyo kali zaidi kwa ile sauti yake nzito, na mara nyingi yeye ndiye anayeondoka na kicheko. Hawa wawili wakikutana, kipindi kinapata uhai. Kwangu hicho ndicho kipimo: je, anayepingana na mhusika mkuu amepewa maneno ya kuchekesha, au amewekwa pale achekwe tu?

Family Ties, kipindi kingine cha vichekesho cha Marekani kilichoonyeshwa kuanzia 1982 hadi 1989, kilikipita kipimo hiki kwa mbali. Mtunzi wake, Gary David Goldberg, alikuwa mliberali, na wazazi katika hadithi ni watu wa harakati za miaka ya 1960. Hata hivyo kijana wao Alex, mfuasi wa Ronald Reagan, rais mhafidhina wa Marekani wa wakati huo, aliandikiwa maneno matamu kiasi cha kuwafunika wote. Reagan mwenyewe alisema ni kipindi anachokipenda. Goldberg hakukubaliana na Alex, ila alimpenda, na mapenzi hayo yanaonekana.

ABC, kituo cha televisheni kilichoanza kuonyesha Last Man Standing mwaka 2011, kilikiondoa mwaka 2017. Mashabiki wengi walidai kimeponzwa na siasa zake. Kituo kikasema ni uamuzi wa kibiashara. Kituo kingine, Fox, kikakirudisha 2018, kikaendelea hadi 2021. Mimi nilifurahi kurudi kwake. Sikuwahi kutaka Mike anyamazishwe. Nilichotaka ni Ryan naye aandikiwe vizuri, ashinde mara mojamoja pale mezani, na Mike ndiye abaki akitafuta la kusema.