Seva ikinyamaza, usimwambie mteja malipo yameshindikana

Mama mwenye duka la dawa alinionyesha simu yake: meseji mbili za kukatwa pesa, kiasi kilekile, zimepishana dakika moja. Mzigo alioagiza ni mmoja. Programu ya kuagizia ilimwandikia "Malipo yameshindikana, jaribu tena," naye akatii. Programu hiyo tuliiandika sisi.

Logi, yaani kumbukumbu za programu, ilieleza yote. Tulisubiri jibu la huduma ya malipo sekunde 10, muda ukaisha, programu ikatoa hitilafu. Malipo yalikamilika sekunde ya 14. Na sisi tulidaka hitilafu zote kwa wavu mmoja: nywila mbovu, salio pungufu, mtandao kukatika, seva kuchelewa, zote zikatoa ujumbe uleule. Yule mama tulimwambia jambo tusilolijua.

Ninachodai ni kwamba programu inayoita huduma ya mtandaoni iwe na majibu matatu: imefaulu, imekataliwa, haijulikani. Wengi wetu huandika mawili ya kwanza tu. Seva hujibu kwa namba. Ukipata 400, ombi lako lina kasoro. Kulirudisha lilivyo ni kazi bure. 429 inasema umezidisha maombi, na ikikutajia sekunde za kusubiri, ziheshimu. 503, yaani huduma haipatikani kwa sasa, unangoja kidogo, unajaribu tena, kila safari ukingoja zaidi. (Zipo huduma zinazojibu 200, namba ya kufaulu, huku kosa limeandikwa ndani ya ujumbe. Hizo zinaniudhi kuliko zote.)

Lakini 504, yaani seva ya kati imengoja jibu mpaka muda ukaisha, au kimya kabisa, hakikwambii kama kazi imefanyika. Ulikuwa unasoma salio? Rudia, hakuna kinachoharibika. Ulikuwa unatuma POST, yaani ombi la kuitaka seva itende jambo, la kuhamisha pesa? Hapo kurudia bila kinga ni kumkata mtu mara mbili. Lipe ombi namba yake ya pekee, uihifadhi kabla ya kutuma, na ukirudia utumie ileile, ili seva ijue ombi ni lilelile. Kama huduma haina utaratibu huo, ulizia kwanza hali ya muamala. Skrini nayo iseme: "Tunahakiki malipo yako. Usilipe tena."

Wenzangu husema tatizo ni mtandao wetu. Unakatika, ndiyo, na tunalijua hilo kabla hatujaandika mstari wa kwanza.

Pesa ya yule mama ilirudi baada ya siku 9. Siku zote hizo rafu yake ya dawa za presha ilikuwa na pengo, maana mtaji wa kuijaza ulikuwa umekwama kwetu.