Una milioni moja: risiva mpya ya boksi au mtumba wa daraja la kati?

Swali hili linazunguka sana mjini na watu wengi wanalijibu kwa ushabiki wa majina, huyu Yamaha, yule Denon, mwingine Sony mpaka kaburini, wakati kwa mtu mwenye bajeti ndogo jina ndio kitu cha mwisho kuangalia. Tuseme una milioni moja yote kwa yote, hiyo hiyo itoe risiva, itoe spika na itoe waya. Naongelea risiva ya muziki, ile yenye amplifaya ndani, sio ya dishi. Hapo una njia mbili za maana: ununue mpya ya boksi ya daraja la chini kabisa, au uzame Kariakoo na Ilala kwenye elektroniki za mtumba ukatafute risiva ya kati ya 2008 na 2013 ambayo enzi zake ilikuwa ya daraja la kati. Mimi niko upande wa mtumba, lakini kwa masharti, na masharti yenyewe ndio yanayonifanya niandike maana watu wanayaruka alafu hela inaenda.

Tuanze na mpya, ina haki yake. Chukulia Yamaha RX-V385, Sony STR-DH590 au Denon AVR-S540BT, zote za mwaka 2018, zote za chaneli tano pamoja na tundu la sabufa. Zinapitisha picha ya 4K bila kugoma, zina HDMI ARC kwahiyo sauti ya TV inarudi kwenye risiva kwa waya ule ule mmoja, zina Bluetooth ndani yake, mgeni akija na simu anapiga Bongo Fleva pale pale bila kutafuta waya. Ndani ya boksi la ile Yamaha au Sony unakuta na kimaikrofoni cha kupimia chumba, unakiweka pale unapokaa, risiva inapiga milio yake na kujipanga yenyewe umbali na ukubwa wa sauti wa kila spika. Na waranti ipo, nailoni bado ziko. Kwa mtu anayetoka kazini saa mbili usiku na hana fundi anayemwamini haya sio mambo madogo hata kidogo.

Shida ni mahesabu. Hizi mashine zilipotoka Marekani zilikuwa zinacheza karibu na dola 300, igeuze kwa shilingi unapata laki saba na nusu mpaka nane hivi, hapo hujaweka usafiri, hujaweka ushuru, hujaweka VAT, na mwenye duka naye lazima ale. Kwahiyo kwenye milioni yako risiva peke yake inaondoka na karibu yote, unabaki na hela ya waya na vispika viwili vya plastiki, na spika ndio zinazotoa sauti jamani, risiva hata iwe nzuri vipi haiwezi kutoa besi ambayo spika haina. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea mpangilio, wanamaliza hela kwenye mashine yenye taa na skrini alafu spika wanaokoteza.

Tena usidanganyike na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Sony ile inatajwa kwa 145W kwa kila chaneli, Yamaha RX-V385 inatajwa kwa 70W, mtu anaona Sony ni mara mbili. Ukisoma maandishi madogo unakuta Sony wamepima kwa ohm 6 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa spika) na toni moja tu ya 1kHz, Yamaha 70W yake ni kwa ohm 8, chaneli mbili zikipiga pamoja, kuanzia 20Hz mpaka 20kHz, yaani masafa yote ambayo sikio linasikia. Na Yamaha hiyo hiyo, ukiipima chaneli moja kwa 1kHz na ukaruhusu sauti ichafuke mpaka asilimia 10, wanakuandikia 135W. Mashine ni ile ile. Mchezo huu ni wa zamani kiasi kwamba Marekani walitunga kanuni mwaka 1974 ya namna ya kutaja wati za amplifaya za nyumbani. Ukiwa dukani uliza kitu kimoja tu: hizo wati ni za ohm ngapi, chaneli ngapi, na ni masafa yote au toni moja. Muuzaji akikuambia PMPO, yaani zile wati za kilele za kupambia boksi, achana na hiyo namba kabisa.

Na ukweli ni kwamba kwa sebule zetu wati nyingi hazina kazi. Chukua sebule ya kupanga Sinza au Tabata, mita nne kwa nne, unakaa mita tatu kutoka kwenye spika. Spika ya kawaida yenye unyeti wa 88 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) inatoa hizo 88 dB kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake, ukiipa wati kumi inafika 98, ukirudi kwenye kochi inapungua kiasi lakini bado jirani anakusikia vizuri tu. Kutoka 70W kwenda 100W unaongeza 1.5 dB, sikio hata halishtuki. Kwahiyo mtu anayekuambia nunua mtumba kwa sababu ina wati nyingi hakupi sababu ya maana.

Sababu yenyewe ni hii. Ndani ya risiva kuna mambo mawili yanayozeeka kwa kasi tofauti. Upande wa picha, yaani HDMI, unazeeka haraka sana: risiva ya 2010 ina HDMI 1.4, haipitishi 4K ya fremu 60 kwa sekunde, haina HDCP 2.2, ile kinga ya kuzuia picha isinakiliwe, ambayo Netflix ya 4K inaidai. Upande wa amplifaya, transfoma, kapasita kubwa, hitisinki ya alumini, huo ukitunzwa unadumu, na sauti nzuri ya 2010 ni nzuri mpaka leo. Mzungu aliponunua TV ya 4K aliona risiva yake imepitwa, akaitoa, ikaingia kwenye kontena. Alichokikimbia ni HDMI tu, amplifaya aliiacha mule mule. Ndio maana unaweza kukuta kitu kama Yamaha RX-V667, ya 2010, chaneli saba za 90W zilizopimwa kwa ohm 8 masafa yote, au Denon AVR-2310 ya 2009 yenye 105W, zikiuzwa chini ya ile ndogo mpya. Zinyanyue zote mbili mkononi utaelewa, RX-V385 ina kilo saba na ushee, hizi za daraja la kati zinaanzia kama kilo 11, na uzito huo ni transfoma na chuma cha kupoozea.

Sasa hiyo HDMI iliyozeeka unaikwepa vipi? Rahisi. Kila kitu kichomeke kwenye TV moja kwa moja, king'amuzi, flashi, Netflix ya ndani ya TV, picha ibaki kwa TV huko, alafu utoe sauti tu kuja kwenye risiva kwa waya wa optiko au kwa ARC kama risiva inayo. Optiko inabeba Dolby Digital ya 5.1, yaani sauti ya spika tano na sabufa, bila shida. Ingia kwenye setingi za sauti za TV ubadilishe kutoka PCM kwenda Bitstream au Auto, la sivyo utakuwa unasikiliza stereo mwaka mzima na spika za nyuma zimelala. Kuna TV za bei chee ambazo optiko yake inatoa stereo tu hata ufanyeje, hiyo ijue mapema kabla ya kununua risiva. Na ukiwa na filamu za flashi zenye sauti ya DTS, mfumo mwingine wa aina ya Dolby, TV za Samsung kuanzia 2018 na LG za 2020 mpaka 2022 hazina DTS, picha itakuja sauti haitakuja, kosa sio la risiva yako.

Alafu tujiulize kwa ukweli tunaangalia nini. Mpira wa Simba na Yanga, taarifa ya habari, singeli na taarabu za YouTube, filamu zilizotafsiriwa Kiswahili ambazo sauti ya mtafsiri imewekwa juu ya filamu nzima. Hizi karibu zote ni stereo. Spika tano hazikuongezei kitu kikubwa hapo zaidi ya risiva kuigawa yenyewe ile stereo kwenye spika zote, ingawa kuna faida moja ambayo naipenda: ukiwasha Pro Logic II, ile setingi ya kugawa stereo kwenye spika zote ambayo risiva nyingi za umri huo zinayo, sauti ya mtangazaji au ya mtafsiri inakwenda spika ya katikati maana iko sawa sawa kushoto na kulia, maneno yanasikika vizuri hata ukipunguza volyumu usiku watoto wamelala. Hiyo pia ni sababu ya kusema nunua spika mbili nzuri kwanza, ya katikati ifuate, za nyuma baadaye ukiwa na Netflix au Blu-ray za kuzipa kazi.

Masharti sasa, na hili la kwanza nalisema kwa herufi kubwa: GEUZA MASHINE USOME NYUMA. Mzigo wa Japan umeandikwa AC 100V. Umeme wetu ni 230V. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja inakufa, ukibahatika inakata fyuzi, usipobahatika inaungua kale katransfoma kadogo ka stendibai na haiwaki tena hata taa nyekundu. Ya Marekani ni 120V, hadithi ni ile ile. Transfoma za kushusha umeme zinauzwa Kariakoo lakini lazima iwe kubwa kuliko ulaji wa risiva, kale kadogo ka kuchajia mashine ya kunyolea hakafai, na hiyo transfoma kubwa ni hela nyingine na mzigo mwingine nyuma ya kabati. Ya Uingereza au Ulaya imeandikwa 230V, hiyo ndio ya kutafuta, na kama nyuma kuna swichi ya kuchagua 110 au 220 basi hakikisha imekaa 220 kabla ya kuchomeka.

Pili ni majaribio. Usikubali kuonyeshwa taa zinawaka ukaambiwa iko fresh. Nenda na waya wako, simu yako, ikiwezekana spika moja unayoijua. Ukiwasha, baada ya sekunde chache unasikia rilei, ile swichi ya ndani, inalia tak, hapo ndio mashine imejikagua na kuunganisha spika. Isipolia, au ikijizima yenyewe na kuandika protect, iache hapo hapo hata akushushie nusu bei. Zungusha volyumu taratibu sikiliza mikwaruzo, jaribu kila chaneli, jaribu optiko, iache ipige kama nusu saa uone kama inajizima ikipata moto. Angalia skrubu za mfuniko, zikiwa zimekwanguka ujue imeshafunguliwa. Chungulia na tochi ya simu kwenye matundu ya juu, mende wanapenda sana joto la mule ndani na uchafu wao unakula bodi. Baadhi ya Onkyo za 2009 hadi 2012 zinajulikana kwa bodi ya HDMI kupoteza sauti, kampuni yenyewe iliweka mpango wa kuzitengeneza bure mpaka mwisho wa 2018, kwahiyo hizo ziangalie mara mbili. Na uliza rimoti, maana menyu nyingi za hizi mashine huzifikii bila rimoti yake.

Tatu ni joto letu. Risiva hizi zinatoa joto jingi, na kapasita za umajimaji zinazeeka haraka kadiri zinavyopata moto, kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka umri unapungua nusu. Sasa mtu anaiweka ndani ya kabati la kioo, Februari, juu yake king'amuzi, juu ya king'amuzi kitambaa cha maua. Iache juu wazi angalau kiganja kizima. Ukikaa Kigamboni au Msasani karibu na maji, hewa ya chumvi nayo inakula matundu ya waya, ya mtumba iliyotoka huko Ulaya ikaja ikakaa kwenye unyevu huu bila kuwashwa inachoka haraka. Na umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kifaa cha kulinda friji kinafanya kazi hiyo hiyo kwenye risiva, hakina gharama kubwa, weka iwe mpya iwe mtumba.

Nani basi achukue mpya? Mwenye PlayStation au Xbox anayetaka kuchomeka vitu vyote kwenye risiva. Anayekaa mbali na mafundi. Mzee au mama wa nyumbani ambaye anataka rimoti moja na kitufe kimoja, huyo usimpelekee mtumba wenye matundu arobaini nyuma. Kwa hawa ningesema waongeze bajeti au waanze na risiva sasa na spika moja moja baadaye, kuliko kununua vyote vibovu kwa pamoja.

Wengine wote, gawa milioni hivi: isizidi laki nne kwenye risiva, ukikosa nzuri kwa bei hiyo rudi nyumbani, mzigo mwingine unakuja. Laki nne na nusu weka kwenye spika mbili za mbele, nazo ukinunua za mtumba bonyeza kidogo ile sponji ya pembeni ya koni, ikiwa inakatika kama biskuti acha. Kinachobaki ni waya wa shaba na kilinda umeme. Na usichukue spika za hom thieta ya zamani kuzifunga kwenye risiva, nyingi ni za ohm 3 au 4 na risiva nyingi za kawaida zinataka 6 kwenda juu, itakuwa inachemka na kujizima kila ukiongeza sauti, alafu utailaumu mashine isiyo na kosa.