Kujitangaza Kenya: nani ajue kwanza?

Mwandishi Binyavanga Wainaina alipojitangaza hadharani kuwa shoga Januari 2014, ilidhaniwa wengine wangemfuata kwa wingi. Haikuwa hivyo, na si kwa woga mtupu. Yeye alikuwa na jina na kipato chake. Kijana anayelipiwa karo na mjomba hana kinga hiyo.

Wanaohimiza kujitangaza wana hoja nzito. Madai kwamba ushoga ni uzungu, au kwamba mashoga huwinda watoto, hustawi pale ambapo hakuna anayemjua shoga hata mmoja kwa jina. Kuhusu huo uzungu, kilicholetwa na Waingereza ni sheria ya kuuadhibu, ya ukoo mmoja na kifungu cha 377 cha sheria ya adhabu waliyoitunga India mwaka 1860. Kuficha nako kunachosha: kila swali la "utaoa lini?" linadai uongo mpya, na uongo unataka kukumbukwa.

Hata hivyo, kifungu cha 162 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu bado kina kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Ni kweli kinaadhibu tendo, hakimwadhibu mtu kwa vile alivyo. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji 3 dhidi ya 2, ilisema kulinyima usajili shirika la kutetea mashoga ni ubaguzi. Ila mwenye nyumba hasomi hukumu, anabadilisha kufuli. Na wazazi wengi si wakatili, wanaogopa majirani, kanisa na msikiti.

Kwa maoni yetu, kujikubali hakudai hadhira. Kinachotaka hesabu ni nani ajue kwanza. Anza na mtu mmoja asiyeshika riziki yako, mara nyingi dada au binamu. Mweleze ana kwa ana, na mwambie wazi nani mwingine anajua. Usimwandikie: ujumbe hufika kwenye grupu la familia kabla ya jioni. Mzazi anayekulipia karo asubiri hadi uwe na pa kulala, kodi ya miezi miwili mitatu kando, na kitambulisho na vyeti vyako uvishike mwenyewe, visiwe kabatini kwa mama.

Mambo huharibika zaidi siri inapotolewa na mwingine. Mtego uliozoeleka huanzia kwenye programu ya kutafuta wapenzi: mnakutana, anapata picha zako, kisha anadai umtumie M-Pesa la sivyo zifike kwenu. Ukilipa mara moja amejua unalipika, na atarudi akitaka zaidi. Usifute chochote. Hifadhi picha za skrini, namba zake na jumbe za M-Pesa, kisha umwone wakili kabla ya kwenda kituoni, maana wapo askari wanaomgeuza mlalamikaji mshtakiwa. NGLHRC (National Gay and Lesbian Human Rights Commission), shirika lenyewe la kesi ile ya 2023, hutoa msaada wa kisheria bila malipo.