Hoteli ya mlimani nje ya mji ukiwa na watoto: angalia kwanza saa kumi na mbili jioni, picha baadaye

Likizo ikikaribia huu mjadala unaibuka kwenye familia nyingi, mmoja anataka hoteli ya mlimani huko nje ya mji kabisa ambako watoto watapata hewa na nafasi ya kukimbia, mwingine anasema jamani tukae mjini karibu na kila kitu, mlimani tutapanda asubuhi na kurudi. Na wote wana hoja. Mimi niko upande wa nje ya mji, nasema mapema ili ujue nimesimama wapi, ila niko huko kwa masharti, na sharti kubwa halihusu mandhari hata kidogo, linahusu saa kumi na mbili jioni.

Fikiria siku yenyewe inavyokwenda. Asubuhi mlimani haina shida hata hoteli iwe ya kawaida vipi, jua limetoka, watoto wako nje wanaokota mawe, mzazi anakunywa chai yake. Kazi inaanza jua likiondoka, na kwenye mabonde linaondoka mapema manake linajificha nyuma ya mlima wakati anga bado jeupe, na likishajificha tu baridi inaingia hapohapo. Kwa wastani joto linapungua kama nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo hoteli iliyoko mita 2,000 inaweza kuwa na nyuzi 13 pungufu ya usawa wa bahari, hapo upepo haujahesabiwa. Sasa watoto wamechoka, nje hakukaliki, chakula bado, muda wa kulala bado. Ukiwa mjini unatoka nao mnatembea kidogo, mnaona watu, mnakula popote mapema mnarudi. Ukiwa nje ya mji hoteli ndo kila kitu, kama haina ukumbi wenye joto, chumba cha michezo au hata meza tu ya kuchorea, basi hayo masaa mawili mtayamaliza chumbani mmebanana, na hapo ndo simu zinatolewa na ugomvi unaanza. Nimeona hoteli nzuri mno kwa macho ambayo watoto hawakuitaka kwa sababu hiyo tu, na nimeona lodji ya kawaida kabisa, vitanda vya kawaida, ila ukumbini moto umewashwa na mbele yake kuna kizuizi cha chuma kilichofungwa ukutani, pembeni kapu la vitabu vilivyochakaa kwa kushikwa, na siku ya kuondoka watoto walilia.

Haya, upande wa nje ya mji una nini hasa? Cha kwanza ni usingizi. Mji wa kitalii wa mlimani wakati wa msimu una kelele, pikipiki, muziki, watu wanatoka kula usiku wanaongea chini ya dirisha lako, na mtoto mdogo akiamka saa tano usiku siku ya kesho imeharibika kwa familia nzima. Cha pili nafasi, yaani nje ya mlango kuna nyasi na siyo barabara, mtoto wa miaka sita anaweza kutoka mwenyewe huku unamwona, hicho kitu mjini hakipo. Na vyumba huwa vikubwa, maegesho hayana vita, njia za kutembea zinaanzia mlangoni kwa hiyo huhitaji kuwapakia watoto kwenye gari kila asubuhi. Hapa wanaosema "tutapanda na kurudi" huwa wanasahau kitu kimoja, ile safari ya kupanda na kurudi yenyewe, kona juu ya kona, na watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndo wanaosumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari. Ukilala mjini mnaipita ile barabara mara mbili kila siku. Ukilala juu mnaipita siku ya kufika na siku ya kuondoka basi.

Ila barabara hiyohiyo ndo hoja nzito kuliko zote upande wa pili. Matangazo yanaandika "kilomita 4 kutoka katikati ya mji" na mara nyingi umbali huo umepimwa kwa mstari ulionyooka, kama ndege anavyoruka, wakati barabara ya mlimani inajikunja na kujikunja, kilomita 4 za ramani zinaweza kuwa dakika thelathini za gari, na usiku kukiwa na ukungu au mvua imepiga udongo ni zaidi. Kwa hiyo mimi siulizi kilomita, nauliza dakika, tena dakika za usiku. Mtoto akipandisha homa saa saba usiku itachukua muda gani kufika kwa daktari, na nani ataendesha? Kama hamna gari, hoteli ina gari la kwake linalolala palepale au dereva anakaa mjini na lazima apigiwe simu kwanza? Netiweki inashika? Hoteli inayojibu haya maswali bila kusitasita ina maana ilishawahi kufikiria wageni wenye watoto, inayokujibu "usijali hakuna shida" bila maelezo mimi naiacha, hata kama picha zake zinavutia.

Urefu wa mahali penyewe nao watu wanauchukulia poa sana. Matatizo ya mwinuko kwa kawaida yanaanza kuonekana ukilala juu ya kama mita 2,500, hapo oksijeni unayoipata kwenye kila pumzi ni kama robo pungufu ya ile ya usawa wa bahari. Watoto hawaugui kwa urahisi kuliko watu wazima, tofauti ni kwamba mdogo hawezi kukwambia kichwa kinauma, utaona tu analialia bila sababu, hataki kula, usingizi unakatika, anatapika, na mzazi anasema ni uchovu wa safari. Dawa ya uhakika ni kushuka. Kama mtoto ana tatizo la moyo au mapafu, alizaliwa njiti, au ana mafua makali na masikio yanauma, ongea na daktari kabla hujalipia chochote. Na hapa kuna jambo linalogeuza mjadala wote, wakati mwingine nje ya mji maana yake ni chini zaidi na siyo juu. Cusco kule Peru ni mfano mzuri, mji wenyewe uko mita 3,400 hivi, lakini mji wa Urubamba kwenye Bonde Takatifu uko kama mita 500 chini yake, ndo maana wasafiri wengi wakishatua Cusco wanashuka bondeni kulala siku za mwanzo halafu mji wanauzunguka baadaye mwili ukishazoea. Familia iliyong'ang'ania katikati ya mji kwa sababu ya "usalama" hapo imejichagulia usiku mgumu zaidi. Kwa hiyo tafuta mita za hoteli yenyewe, usichukue za mji.

Na hata ndani ya bonde moja hoteli mbili hazilingani. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka kujikusanya chini, kwa hiyo hoteli iliyo kando ya mto bondeni alfajiri inaweza kuwa na baridi kuliko iliyojibanza katikati ya mteremko. Halafu angalia mteremko umeelekea wapi. Mbali na ikweta, kaskazini ya dunia upande unaoangalia kusini ndo unapata jua, kusini ya dunia ni kinyume chake, na karibu na ikweta cha kujua ni kama unapata jua la asubuhi au la jioni. Mimi na watoto nachagua la jioni kila siku, asubuhi wataruka wenyewe wakapata joto, jioni ndo wanalihitaji jua. Usisahau pia kwamba ile mionzi ya jua inayounguza ngozi (UV) inaongezeka karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo hali ya ubaridi isikudanganye, kofia na losheni ya kukinga jua ni lazima.

Sasa kuhusu ule mkazo wangu wa joto la ndani, kuna upande wake wa hatari na huu siuongelei kwa kupita. Hoteli nyingi za nje ya mji zinapasha vyumba kwa kuni, gesi au hata jiko la mkaa, na moto usiotoa moshi wake nje vizuri unazalisha kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, yaani zinafanana kabisa na za mwinuko, mtu anasema ni urefu wa mlima analala, kumbe ni hita. Kama kichwa kinawauma wote mkiwa chumbani na mkitoka nje kinapoa, tokeni nje na msirudi kulala humo, mtafute msaada wa daktari. Jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala usilikubali hata wakikwambia dirisha liko wazi. Kile kifaa kidogo cha kutambua hiyo gesi kinaingia kwenye begi, mimi nakihesabu pamoja na dawa za watoto.

Kitu kingine cha karibu ambacho picha zinakionyesha bila kukusudia ni balkoni. Ikuze ile picha. Nguzo za kizuizi zimesimama wima au zimelala? Zikilala ni ngazi ya mtoto kupandia. Nafasi kati ya nguzo na nguzo isizidi kama sentimita 10, hicho ndo kipimo kwenye kanuni za ujenzi za nchi kadhaa kwa sababu kinazuia mwili wa mtoto kupenya. Na viti viko wapi, vimebanwa kwenye kizuizi ili mtu aone mandhari vizuri? Ukifika jambo la kwanza viingize ndani, kabla hata ya kufungua mabegi.

Chakula nitapita haraka. Nje ya mji mnategemea jiko moja, kwa hiyo ulizeni linafunguliwa saa ngapi, kama mtoto anaweza kula saa kumi na mbili badala ya kusubiri saa mbili, na kama chumbani kuna birika na friji ndogo. Wenye watoto wachanga wajue kwamba juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwenye mita 2,000 ni kama 93, kwa hiyo ushauri wa kiafya kwa maji ya kunywa kuanzia urefu huo ni kuyaacha yatokote dakika tatu kamili badala ya moja.

Umri wa watoto ndo unaoamua kwa sehemu kubwa. Wa chini ya miaka kumi hivi wanafaidi nje ya mji kupita kiasi, ulimwengu wao ni nyasi na kijito (kijito nacho kinahitaji macho ya mtu mzima muda wote). Vijana wa miaka 14 au 15 ni habari tofauti, wanataka kutoka wenyewe, kuona watu, kununua kitu kidogo, ukiwaweka juu mlimani ambako kila kutoka ni lazima waombe gari wanajisikia wamefungiwa, na sioni kosa lao. Familia yenye wote wawili, mdogo na kijana, ingetafuta pale ambapo mji unafikika kwa miguu au kuna usafiri wa umma wa mara kwa mara. Na siyo kila mji wa mlimani una kelele za magari, Zermatt kule Uswisi kwa mfano hauruhusu magari ya kawaida ya mafuta, unaacha gari Täsch unamalizia kwa treni, kwa sehemu ya namna hiyo hoja yangu ya usingizi inapungua nguvu sana na mimi mwenyewe ningekaa mjini.

Kwenye rivyu usisome nyota, tafuta maneno, andika "mtoto", "baridi", "maji ya moto", "barabara", na usome zilizoandikwa mwezi uleule mnaokwenda, manake aliyesifia wakati wa kiangazi hajaiona ile barabara ikiwa na tope. Lile neno "inafaa familia" kwenye apu mara nyingi hoteli imejijazia yenyewe, linaweza kumaanisha tu kwamba wataongeza kitanda. Piga simu, uliza hivi: mvua ikinyesha kutwa nzima watoto wa wageni huwa wanafanya nini hapo kwenu? Kisha nyamaza usikilize. Mwenye la kusema atakutajia vitu, sehemu, hata majina ya michezo. Asiye na la kusema atakurudishia habari ya mandhari.

Na ukishaamua nje ya mji, kaa angalau siku tatu, kwa usiku mmoja ile barabara na kufungua mizigo havilipi. Buki tarehe zinazoruhusu kughairi, ikiwezekana usiku wa kwanza mlale sehemu ya chini njiani mpande kesho yake mchana kweupe. Na chumba omba cha chini karibu na ukumbi, hata wakikupa cha ghorofa ya juu chenye mandhari kwa bei ileile, kwa sababu saa mbili usiku kuna mtoto amelala begani mwako, mwingine anataka kubaki kwenye moto dakika tano zaidi, na ngazi za nje zina umande.