"Umekonda, Unaumwa?": Maoni Yanayoumiza Bila Tusi

Mwanamke anaposti picha ya gauni alilolishona mwenyewe. Anayetangulia kuandika chini yake anasema: "Umekonda sana dada, unaumwa?" Wa pili anaitikia kwamba kweli, hata yeye ameona. Wa tatu anataja ugonjwa. Wa nne anauliza kama nyumbani kuna amani. Hapo gauni limeshasahaulika, na hakuna hata mmoja aliyetukana.

Mjadala wa lugha chafu mitandaoni huishia kwenye matusi, na matusi ndiyo sehemu nyepesi. Tusi kila mtu analitambua, na likifutwa hakuna anayelililia. Swali la mwili, uzazi au ndoa huja limevaa huruma. Ukilijibu, umewafungulia watu mlango wa chumbani. Ukilinyamazia, unaringa. Ukilifuta, unaambiwa hutaki kujaliwa.

Wanaopinga kufuta maoni wana hoja nzito. Anayeuza bidhaa akiwa na uhuru wa kufuta atakavyo, ataanza na yale yanayomuumbua. Mteja anayeandika "nimelipa, mzigo haujafika, huu ni wizi" anatumia lugha kali, lakini anawaokoa wengine. Kwa viongozi uzito unaongezeka. Machi 2024, katika kesi ya Lindke dhidi ya Freed, Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kwamba ofisa wa umma anayefuta maoni au kumzuia mtu mtandaoni anaweza kuwa amevunja haki yake ya kujieleza, iwapo ofisa huyo ana mamlaka ya kuisemea serikali na alikuwa akiyatumia alipoposti. Mahakama ilionyesha pia kwamba kufuta hugusa posti moja moja, ilhali kumzuia mtu kunaweza kumfungia nje ya posti zote, zikiwemo za kazi.

Wapo wanaosema dawa ni kila mtu kutumia jina lake halisi. Korea Kusini ilijaribu. Kuanzia 2007 tovuti kubwa zililazimishwa kuthibitisha utambulisho wa wanaoandika. Mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa huduma mbili za kampuni moja, na Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo. Mwanasaikolojia John Suler alikwisha kuandika mwaka 2004 kwamba kujificha nyuma ya jina bandia ni sababu moja tu kati ya kadhaa. Nyingine ni kutoonana uso kwa uso na kutojibizana papo kwa papo. Anayeuliza habari za kukonda mara nyingi ni shangazi au mtu uliyesoma naye, kwa jina lake kamili na picha yake. Kinachokosekana ni kuuona uso wa aliyeulizwa ukibadilika.

Kwa hiyo kipimo tunachokitetea si ukali wa maneno bali kinacholengwa. "Mshono wa bega umepinda, kazi mbovu" yabaki. "Mungu akujalie mtoto, miaka inakwenda" yafutwe, hata kama yamemalizika kwa dua.

Ugumu ni kwamba kipimo hiki mashine haikimudu peke yake, hasa kwa Kiswahili. Mitandao ina chujio, yaani zana inayoficha maoni yenye maneno uliyoyaorodhesha. Chujio linalotafuta neno zima ukiliwekea "umekonda" litapitisha "amekonda", "kakonda" na "mbona unakonda". Inabidi uingize kila umbo. Chujio linalotafuta kipande cha neno lina kosa la upande wa pili: liwekee "mbwa" nalo litaficha "wimbo umeimbwa vizuri", kwa kuwa herufi hizo zimo ndani ya "umeimbwa". Chujio liachiwe matusi ya wazi. Maswali ya mwili na ndoa yanahitaji jicho la mtu.

Zana nazo hazifanani. Kwenye Facebook, maoni uliyoyaficha bado yanaonekana kwa aliyeandika na marafiki zake, hivyo wale mnaofahamiana wote wanaweza kuendelea kuyasoma. Instagram tangu 2019 ina njia ya kumwekea mtu kikomo: maoni yake mapya anayaona mwenyewe tu mpaka uyaidhinishe, na hapewi taarifa. Inawafaa ndugu ambao kuwazuia kabisa kungezua kikao cha ukoo. Maoni ya kwanza yakifutwa, majibu yaliyoandikwa chini yake huondoka nayo, ila wanaodakia kwa kuandika maoni yao mapya hubaki. Ndiyo maana kuchelewa kunagharimu: lile la "unaumwa?" ukiliondoa mapema unafuta moja, ukilala nalo unaamka na kazi ya kufuta moja moja. Kama kuna tishio, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti na tarehe kabla ya kugusa chochote.

Kufuta kimya kimya kwa mtu wa karibu huacha kinyongo, kwa sababu yeye anajua aliuliza kwa wema. Ujumbe wa faragha, muda huohuo, unatosha: "Shikamoo shangazi. Swali lako nimeliona, nimelitoa kwa kuwa watu wengi wanasoma pale. Mimi mzima. Nitakupigia jioni tuongee."