Msimlishe sato dagaa wa watoto wetu

Nipo Bergen huku Norway mwaka wa tisa sasa na kila nikipiga simu nyumbani nakutana na lile lile, "hao wa kufugwa mie sili, wana madawa", mama anasema, majirani Igombe kule Mwanza wanasema, hata wale akina dada wanaoparua samaki pale Mwaloni Kirumba ukiwatajia sato wa vizimba, wale wanaofugwa ndani ya nyavu ziwani, wanakunja uso kabla hujamaliza swali. Mimi nimekulia kwenye samaki wa ziwani, naujua utamu wake. Lakini nimepika miaka 6 kwenye jiko la nyumba ya wazee huku, samoni wa kufugwa nimemshika karibu kila wiki, na naona nyumbani kuna kitu tunakiogopa bure na kuna kingine kikubwa zaidi kinapita mbele ya macho yetu tumenyamaza.

Nianze na hayo madawa. Huku samoni karibu wote unaowakuta supamaketi ni wa vizimba, wanafugwa baharini kwenye vile vidole vya bahari vinavyoingia katikati ya milima. Zamani, miaka ya 80, walikuwa wanapewa antibayotiki nyingi kweli kweli, halafu zikaja chanjo, kifaranga anachomwa sindano tumboni kabla hajapelekwa baharini, na antibayotiki zikashuka mpaka karibu hakuna. Kwa hiyo anayesema samoni wa Norway kajaa antibayotiki anaongelea mambo ya zamani. Sisemi hawana matatizo jamani, wanayo tena makubwa, kuna chawa wa samaki wanamng'ang'ania ngozini wanamla akiwa hai, na mwaka 2023 peke yake samoni zaidi ya milioni 60 walikufia kwenye vizimba vya baharini. Wa asili nao wamepungua mpaka mwezi wa 6 mwaka 2024 serikali ikasimamisha uvuvi wake kwenye mito 33. Mtu wa huku akitaka samoni wa mtoni siku hizi ajiandae mfuko.

Kwenye lishe wala sio kama tunavyodhani. Samoni wa kufugwa ana mafuta kama gramu 13 kwenye gramu 100 za nyama, wa asili ana kama 6, yani wa kizimba kanenepa mara mbili, ila ndani ya mafuta hayo kuna omega 3 za kutosha, sio mafuta ya hasara. Ile rangi ya pinki wa asili anaipata kwa kula wadudu wa jamii ya kamba, wa kufugwa anatiliwa kwenye chakula, bila hivyo nyama inakuwa ya kijivujivu. Na kwa wanaomla mbichi, wa kufugwa ndo salama zaidi maana amekula punje za chakula cha kiwandani tu maisha yake yote, wa asili ana minyoo na sheria za Ulaya zinataka agandishwe kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri, masaa 24.

Sasa turudi ziwani. Tunasema wa ziwani ni msafi kwa sababu hana mwenyewe wa kumwekea dawa, sawa, ila Mto Mirongo unapita katikati ya mji wa Mwanza na kila tunachotupa unakwenda kukimwaga wapi? Na tusisahau mwaka 1999 Ulaya walifunga mlango kwa samaki wa Victoria kwa sababu watu walikuwa wanavua kwa sumu, hao walikuwa samaki wa asili kabisa. Kuna na suala la barafu. Sangara anatolewa majini usiku, mtumbwi hauna barafu, jua linamkuta humo humo, anafika mwaloni saa 4 mashavu yameshakuwa kahawia na bado anaingia sufuriani kwa mtu. Sato wa kizimba anatolewa majini ukiwa umesimama pale, unamwona anarukaruka. Mimi kwa usalama namchagua huyo na sioni aibu.

Kwa ladha lakini siwezi kudanganya. Desemba nilikuwa nyumbani, dada yangu ana vizimba viwili upande wa Luchelele, akaleta sato wake wawili na mama akanunua wawili wa nyavu, tukawapika chukuchuku kwenye sufuria mbili, nyanya, kitunguu, ndimu, chumvi, basi. Wa nyavu ana nyama iliyokaza, mchuzi wake una utamu unaobaki mdomoni, wa kizimba mlaini kidogo na mafuta yanaelea juu. Mama alikula wote wawili na ugali wa muhogo, akasema huyu wa kwanza ni samaki, huyu wa pili ni chakula. Ila huyo wa kizimba hakuwa na ile harufu ya tope, ile ni ya samaki wa bwawa la maji yaliyosimama na yenye ukijani, na hata yeye ukimhamishia kwenye maji safi siku kadhaa bila kumlisha inapungua sana.

Kilichonikosesha usingizi ni gunia la chakula. Nilimuuliza dada anawalisha nini, akasema mahindi, pumba, na dagaa wa kusaga. Dagaa! Wale wale wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani kule Igombe na Kayenze. Dagaa unamla na mifupa yake, na kichwa, na tumbo, unapata kalsiamu, chuma, zinki, vitamini A, sato wala samoni hawamfikii kwa hapo, na ndiye samaki ambaye mama mwenye watoto watano anaweza kumnunua kwa kipimo cha kopo. Sehemu kubwa yake inaishia kwenye chakula cha kuku na sasa vizimba vinaongezeka, kila mtu anataka mkopo wa kizimba. Huku Ulaya nimeona mwisho wa njia hiyo. Samoni ni mla nyama, ili anenepe wanasaga samaki wadogo wa Peru, na Senegal, Mauritania na Gambia kuna viwanda vinasaga dagaa wa bahari wa wenzetu kuwa unga wa kusafirishwa nje, wakati akina mama wa kule waliokuwa wanawakausha na kuwauza wanakosa mzigo.

Sisi Mungu katupa sato, na sato sio mla nyama, anakula majani, mwani, anakua vizuri tu na soya na mashudu ya alizeti. Norway hawana bahati hiyo. Kwa nini basi tumfundishe kula dagaa wa mtoto wa jirani?

Nilimwambia dada hivyo hivyo, tukabishana usiku mzima, anasema bila dagaa watachelewa kukua na mkopo hausubiri, na mimi namwelewa, hela ni yake, jasho ni lake. Wiki iliyopita kanitumia picha ya gunia jipya, soya, mashudu, pumba ya mahindi, dagaa kidogo sana kwa vifaranga tu. Kizimba kimoja anakilisha hilo, kingine chakula cha zamani, na mama keshasema siku ya kuvua anataka mmoja kutoka kila upande, asiambiwe yupi ni yupi.