Ulimi Wangu, Mali ya Umma

Mtu akinunua suruali mpya, majirani humpa hongera na mambo huishia hapo. Mtu akitoboa ulimi, kila mwenye macho hujiona amepewa hisa. Tangu nitiwe kipini katikati ya ulimi wangu, sijakutana na mtu hapa Mwanza, kuanzia muuza vocha wa Buzuruga hadi abiria wenzangu kwenye kivuko cha Kamanga, ambaye hakuniomba nifungue kinywa achungulie, na akishachungulia hutikisa kichwa kana kwamba alikuwa ameniazima ulimi wake nami nikaurudisha ukiwa na tundu.

Kazi yangu ni ushereheshaji. Katika jiji hili washereheshaji tumekuwa wengi kuliko harusi zenyewe, na kila mmoja ametafuta alama ya kumtambulisha: yupo anayevaa koti linalometameta, na yupo anayeingia ukumbini juu ya bodaboda huku akirusha pipi. Nami nikaona kwamba mtu anayeishi kwa ulimi ana haki ya kuupamba ulimi huo, na hadi leo sijapata mtu wa kunieleza kwa hoja kwa nini koti linastahili mapambo kuliko kiungo kinacholipa kodi ya nyumba.

Kutoboa kwenyewe hakuna cha kusimulia. Kijana mwenye kazi yake, katika chumba cha ghorofani karibu na Makoroboi, alivaa glavu, akafungua sindano mpya mbele yangu, akamulika tochi chini ya ulimi ili aone mishipa ya damu inapita wapi, akaubana ulimi kwa koleo, na kabla sijamaliza kuwaza nitamwambia nini mke wangu, kipini cha titani kilikuwa kimekwisha kukaa mahali pake. Wanaoniuliza kama iliuma huondoka wamekata tamaa, kwa sababu huwajibu kwamba kujing'ata ulimi wakati wa kula huuma zaidi. Walitaka kusikia habari za damu.

Shida ilianza nilipofika nyumbani nikasoma karatasi ya maelekezo. Aliyeandika karatasi ile hakuwahi kuishi kandokando ya ziwa hili. Alinikataza chakula cha moto, wakati katika nyumba yangu ugali usiotoa mvuke huhesabiwa kuwa ni tusi kwa mpishi. Alinikataza pilipili, pombe, sigara na kuogelea ziwani. Alinikataza kubusu kwa muda wa majuma kadhaa, na katazo hilo mke wangu alilisoma mara moja tu, akalipokea kwa utulivu ambao umenisumbua kuliko uvimbe wote. Kisha karatasi ikaniagiza kusukutua kila nimalizapo kula kwa maji ya chumvi isiyotiwa madini joto. Sasa, serikali yetu imetumia miaka mingi kuhakikisha kwamba chumvi ya mezani inatiwa madini joto ili wananchi wasiote rovu shingoni, na mwenye duka wa mtaani kwetu, niliposisitiza kwamba nataka ile isiyotiwa, alinitazama kwa namna ambayo mtu hutazama mhalifu. Nikakimbilia duka la dawa kuomba chupa ya maji ya chumvi yanayotumiwa hospitalini kwa dripu. Mhudumu akaniuliza mgonjwa amelazwa wodi gani. Jibu langu lilipita katika ulimi uliokwisha kuvimba, likamfikia likiwa halieleweki, naye akanishika mkono na kunipa pole ya msiba.

Uvimbe huo una utaratibu wake. Hupanda polepole, hufika kileleni kati ya siku ya tatu na ya tano, halafu huanza kushuka, na ndiyo sababu kipini cha kwanza huwa kirefu, milimita 20 au hata 22, ili ulimi ukijaa usikimeze. Kinachosaidia ni baridi. Baridi ya bei nafuu kuliko zote hapa mjini ni zile barafu za juisi zinazofungwa katika vifuko vya nailoni na kuuzwa nje ya shule za msingi. Kwa hiyo mtu mzima wa makamo yangu, mwenye kadi ya biashara na suti ya vipande vitatu, alisimama kwenye mstari pamoja na wanafunzi wa darasa la pili, akinyooshea kidole ile ya ubuyu kwa sababu kutamka kulikuwa kumeshindikana. Mtoto aliyekuwa mbele yangu alinionea huruma akanipisha, akawaambia wenzake kwamba babu ni bubu. Bubu ningelivumilia, hilo la babu bado ninalitafakari.

Yote hayo, hata hivyo, ni madogo ukiyaweka kando ya sato. Mtu aliyekulia Mwanza hafundishwi kula sato. Hukata kipande na miiba yake yote, akakitia kinywani, na ulimi wenyewe, bila kuombwa na mtu, hupepeta na kupanga: nyama huelekea kooni, miiba hutokea pembeni mwa midomo imesafishwa vizuri, na muda wote huo mwenye kinywa anaendelea kulaumu safu ya ulinzi ya Pamba Jiji bila kukosea jina la mchezaji hata mmoja. Hiyo ni elimu niliyoipata kabla sijajua kusoma. Sasa weka chuma chenye gololi mbili katikati ya mtambo huo. Mwiba unafika, ulimi unanyanyuka kuupokea, gololi inauzuia, mwiba unageuka, unajipenyeza kati ya gololi na ulimi na kukaa hapo mpaka uondolewe kwa kioo na mikono iliyooshwa kwa sabuni. Kibaya zaidi ni kwamba kitu kigumu kikilia kinywani, sijui tena kama nimevunja mwiba au nimefungua gololi, kwa maana gololi hizi hufungwa kwa skrubu na hulegea, na kila asubuhi hulazimika kuzikaza kabla hata sijapiga mswaki.

Mke wangu, ambaye ana moyo wa huruma pale anapoamua, alininunulia minofu ya sangara isiyo na mwiba hata mmoja, ile ambayo viwanda vyetu huikata kwa ajili ya kupelekwa Ulaya. Nilikula vizuri, lakini nilipoisikia bei nikasitisha. Ulaya hupelekewa minofu na sisi hubakiwa na mapanki, yaani mafupa yanayosalia minofu ikishakatwa. Mimi sasa nimejitafutia ulimi wa Kizungu katika mji wa mapanki, na hakuna bajeti ya nyumba ya kawaida inayoweza kuulisha.

Kazini nako hakukuwa salama. Herufi S, Z, T, D, L na N zote huhitaji ncha ya ulimi iende kugusa au kukaribia meno na ufizi wa mbele, na Wasukuma, Mungu awabariki, wamejaliwa majina yenye S kwa wingi. Bwana harusi wa kwanza niliyemtangaza nikiwa na kipini alikuwa Masanja. Kipaza sauti kilipeleka jina hilo hadi nyuma ya ukumbi likiwa "Mathanja", na shangazi zake wakaanza kuulizana kama kijana amebadilishwa jina kanisani bila wao kuarifiwa. Palipofika wakati wa kinywaji, mwenye shughuli alinitumia bia kama ilivyo ada; nikaikataa kwa ishara ya mkono na kuomba maji baridi. Kwa kuwa nilikataa bia na kwa kuwa nilikuwa nikisema maneno machache kuliko kawaida yangu, uvumi ulienea kabla keki haijakatwa kwamba nimeokoka. Wazee wawili wa kanisa walikuja kunikumbatia. Nilicheka kwa furaha ya kukumbatiwa, taa ya ukumbini ikamulika gololi, na wokovu wangu ukafutwa hapohapo mbele ya mashahidi.

Daktari wa meno niliyemwendea kwa shughuli nyingine kabisa naye alidai sehemu yake ya ulimi. Alinieleza, na katika hili sina ubishi naye, kwamba chuma kinachogonga meno mara kwa mara huweza kuyamegua, na kwamba ufizi ulio nyuma ya meno ya chini huweza kusuguliwa mpaka ukarudi nyuma na kuacha mizizi wazi. Uvimbe ukishaisha, kwa kawaida baada ya wiki 2 hadi 4, kipini kile kirefu hakina tena kazi na yafaa kibadilishwe kwa kifupi, milimita 16 hivi, ingawa tundu lenyewe huhitaji wiki 4 hadi 8 ndipo lipone. Nilibadilisha upesi sana, maana nilikuwa nimekwisha kuchoka na safari za Igogo, ambako bodaboda hupanda kwa kurukia jiwe hadi jiwe na kipini changu kilikuwa kikigonga meno kwa kila jiwe. Dereva alidhani ninatetemeka kwa woga, akaanza kunihubiria juu ya kumtegemea Mungu.

Aliyenichosha kuliko wote ni mzee jirani yangu, mtu wa Tarime, ambaye masikio yake yalitobolewa na kunyooshwa enzi za ujana wake kwa mila za Kikurya, hata leo ndewe zake zinaning'inia karibu na mabega. Mzee huyu huketi barazani kila jioni na kuniuliza, mbele ya wapita njia, ni mtu gani mwenye akili timamu anayejitoboa mwili aliopewa na Mungu ukiwa mzima. Mwanzoni nilijaribu kumtazama masikio kwa heshima, nikitumaini ataelewa, hakuelewa. Nikamtajia kina mama wa Kimakonde waliovaa ndonya kwenye mdomo wa juu, akanijibu kwamba hiyo ni mila, na kwamba wangu ni utundu.

Juzi alinivuta pembeni, akahakikisha hakuna anayesikiliza, akaniambia kwamba ndewe zake hunasa kila anapovaa kofia ngumu ya bodaboda, akataka kujua kama yule kijana wangu wa Makoroboi anaweza kuziziba.

"Hapana, mzee wangu," nikamwambia. "Yule hutoboa tu. Kuziba ni kazi ya madaktari wa upasuaji."

Akanitazama kwa masikitiko makubwa. "Mwanangu," akasema, "anayejua kutoboa tu si fundi. Ni panya."